Kivuli cha Shangazi Mauwa

Siku kumi na mbili kabla ya uchaguzi, kivuli cha shangazi yake kilikubali nyumba ya shangazi ivunjwe, kisha kikasema ahsante.

Apendeki Wilondja alirudia swali. Alidhani pengine aliliandika vibaya, akaliandika upya polepole: je, unaunga mkono Pendekezo la Tisa, la kubomoa majumba ya Kilbourne ili pajengwe kituo cha ndege za vifurushi? Mashine ilitulia kidogo. Halafu sauti ya Mauwa Asukulu, sauti ileile iliyombembeleza alipougua surua, ikajibu kwa upole: "Ndiyo, mwanangu. Ninyi ndio mnaojua. Tunashukuru sana, Mungu awabariki."

"Nawapenda watu wenu," alisema Craig Devlin nyuma yake.

Craig alikuwa mkuu wa ofisi ya kampuni iliyotunza vivuli kwa niaba ya kaunti na papo hapo kuendesha kampeni ya Pendekezo la Tisa, na alikuwa akila mabawa ya kuku. Kila siku alikula mabawa ya kuku akizunguka kati ya meza, akilamba vidole, kisha kwa vidole hivyohivyo akigusa vioo vya mashine za wenzake. Aliinama, akagusa kioo cha Apendeki, akaacha alama ya mafuta juu ya jina la shangazi.

"Kilbourne kuna vivuli mia tatu na kumi na viwili," alisema. "Mia mbili tisini na kimoja vimekubali. Watu wanakubali kuhamishwa na wanashukuru. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, sijapata kuona watu wazuri namna hii."

Apendeki aliifuta ile alama kwa mkono wa sweta yake. Haikufutika, ikatandaa.

Sheria ya Kura ya Kivuli ilipitishwa katika jimbo lao miaka kumi na moja nyuma, baada ya uchaguzi ambao kati ya kila watu kumi walijitokeza wawili, na mmoja kati ya hao alifuata donati za bure. Wakubwa wakasema demokrasia haiwezi kuachwa ife kwa uvivu. Kila raia akatengenezewa kivuli, yaani akili mnemba iliyolelewa kwa maneno yake, manunuzi yake, uso anaoukunja mbele ya matangazo, na zaidi ya yote kwa jinsi anavyowapokea wapiga kampeni mlangoni, kwa kuwa kila mpiga kampeni hubeba kinasa sauti kwa mujibu wa sheria. Siku ya uchaguzi kivuli humpigia mwenyewe kura. Anayetaka kupiga kwa mkono wake lazima kwanza akikate kivuli, na kukata kuna mahojiano yake. Mwanzoni watu walinung'unika, kisha wakazoea, kisha wakasahau kituo cha kura kiko mtaa gani.

Na wanasiasa, ambao wana dhambi nyingi lakini ujinga si mojawapo, wakaacha kuzungumza na watu. Ya nini kumbembeleza mwenye mwili, mwenye mgongo unaouma na kodi ya nyumba, wakati kivuli chake kimo kabatini na kinaweza kuulizwa mara elfu moja kwa siku ni neno gani litamlainisha? Wapiga kampeni bado walikuja milangoni, lakini hawakuja kushawishi. Walikuja kuchota sauti, kama watu wanavyokwenda kuchota maji, na wakiondoka hawakukumbuka hata rangi ya mlango.

Kazi ya Apendeki iliitwa ulezi. Mlezi humtembelea raia mara moja, humuuliza maswali arobaini, humlinganisha na kivuli chake, kisha huthibitisha kwamba wawili hao ni mmoja. Apendeki aliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili chake. Mwezi wa pili alipita Kilbourne nyumba kwa nyumba, kadi ya kaunti shingoni na ubao wa fomu mkononi, na vivuli vyote mia tatu na kumi na viwili vilikuwa na sahihi yake.

"Hawa watu hawataki kuhama, Craig," alisema. "Mimi nimekulia humo. Nawajua."

"Mimi nina saa mia sita za sauti zao." Craig alichagua bawa jingine. "Walimkaribisha kila mtu wa Pendekezo la Tisa. Wakampa chai. Alipowapa kofia, wakavaa. Shangazi yako alivaa kofia yetu mbele ya kamera akacheka."

"Kwetu mgeni hafukuzwi. Ukipewa kitu unakivaa mbele yake, akiondoka unakifanyia unachotaka." Ile kofia ya rangi ya chungwa shangazi aliitumia kuipulia sufuria jikoni. Apendeki alikuwa ameiona mwenyewe, imeungua upande mmoja.

"Basi wangesema," Craig alisema. "Mlango wa kukata vivuli uko wazi mpaka Ijumaa ijayo. Anayeuliza yale maswali manne ya kukata ni mlezi aliyethibitisha, yaani wewe." Alimtazama kwa macho ya mtu aliyeshiba. "Swali la nne unalikumbuka?"

Apendeki alilikumbuka. Kila mlezi alilikumbuka. Je, mlezi wako alithibitisha kivuli hiki kimakosa? Raia akisema hapana, kivuli kinabaki. Akisema ndiyo, kivuli kinakatwa, na mlezi anavuliwa kadi na jina lake linapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Katika miaka kumi na moja, kaunti nzima walikuwa wamekata vivuli watu sita. Walezi hawakuwa na haraka ya kuwaambia watu kwamba mlango huo upo.

*

Jioni hiyo, kwenye maegesho ya magari, alikuwa akisubiriwa na mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Trish Hollander. Huyu alifanya kazi upande wa pili, katika kampeni ya kulipinga Pendekezo la Tisa. Alimshika Apendeki mikono miwili kama wafiwa wanavyoshikana.

"Tunajua Kilbourne wanasemaje wakiwa peke yao," Trish alisema. "Tatizo ni kwamba mashine haijawahi kuwasikia wakiwa peke yao. Wewe unaingia majikoni mwao."

Alimpa kitu kidogo cheusi, kama kifungo cha koti. Kilikuwa kinasa sauti. Saa nne tano za maneno ya jikoni, alieleza, zikitiwa kwenye vivuli kwa mkono wa mlezi mwenye ruhusa, zingevigeuza vyote kabla ya Jumanne ya uchaguzi.

"Bila wao kujua," alisema Apendeki.

"Kwa faida yao."

"Kwa nini tusiwaite tu waje wakate vivuli, wapige kura wenyewe?"

Trish alicheka, si kwa ubaya, kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi hauanguki. "Wakikata lazima waje wenyewe. Mvua ikinyesha nusu hawaji. Mmoja atakasirika, mwingine atabadili mawazo njiani. Hatuwezi kujenga kampeni juu ya watu, Apendeki. Vivuli vina utulivu."

Huyu ndiye mtu wa upande wa haki. Apendeki alikaa ndani ya gari lake dakika kumi bila kuliwasha, akiwa na ladha mbovu mdomoni, kama aliyekunywa maziwa yaliyolala. Lakini kile kifungo hakukitupa. Alikitia mfukoni, na hilo nalo lilimchukiza.

*

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa shangazi. Mauwa alikuwa na miaka sabini na moja na alikuwa mezani akichambua dagaa. Jirani yake, Mama Faida, alisimama jikoni akikoroga sombe ya majani ya muhogo kwa mawese. Apendeki alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akatia mkono mfukoni na kukibonyeza kifungo.

Hakuwa na haja ya kuuliza kitu.

"Wanataka kubomoa ili masanduku yapate pa kutua," shangazi alisema, akimkata dagaa kichwa. "Sanduku lina haki ya kulala kuliko mimi. Nimehama Fizi nikikimbia risasi. Nimehama kambini nikifuata karatasi. Nimehama Texas kwa sababu ya lile joto lao. Sasa nihame kuvipisha viatu ambavyo watu wameagiza wakiwa kitandani? Sihami. Wanitoe na kitanda changu."

"Watakutoa na kitanda kweli," Mama Faida alisema.

"Wanitoe basi, nami nitakuwa nimelala, na nguo ya kulalia."

Wakacheka mpaka Mama Faida akaweka mwiko chini. Apendeki naye alicheka, na katikati ya kicheko akakumbuka kile kitu kinachonyonya mfukoni mwake. Kicheko kikamkauka. Mwanamke huyu alimnyoa nywele za kwanza, alimfundisha kuoga, na sasa alikuwa akiibiwa kicheko mezani kwake, dagaa mikononi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za shangazi zilikuwa Apendeki mwenyewe.

Akakitoa kifungo, akakiweka mezani.

"Shangazi, hiki kinanasa sauti. Nimekiwasha mimi."

Alitarajia kutukanwa. Ilitokea jambo baya zaidi. Shangazi alikiangalia kifungo, akafuta mikono haraka, akajifunga kitenge vizuri, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti. Mgongo wake ukanyooka. Tabasamu likaja, lile la picha za vitambulisho. Na alipofungua mdomo, sauti ilipanda na kuwa laini.

"Tunashukuru sana," aliiambia meza. "Mmetusaidia mambo mengi. Hatuna malalamiko. Mungu awabariki."

Mama Faida naye alikuwa amesimama wima, mikono imekutana tumboni, akiitikia kwa kichwa.

Ndicho kivuli chenyewe, neno kwa neno, kilichokuwa kimekaa mbele ya Apendeki na magamba ya dagaa kwenye vidole. Mashine haikukosea kitu. Ilimnakili shangazi sawasawa, ila ilimnakili pale anapokuwa na hofu. Akakinyakua kifungo, akakitumbukiza katika sufuria ya maji ya ugali yaliyokuwa yakichemka, na wote watatu wakakisikiliza kikigongagonga chini.

Ilichukua muda shangazi kurudi. Mabega yalishuka kwanza, kisha tabasamu likaondoka.

"Ni mimi, shangazi," alisema Apendeki.

"Najua ni wewe."

"Hata mwezi wa pili nilikuwa mimi. Ulinijibu hivihivi."

"Mwezi wa pili ulikuja na kadi shingoni, na ubao." Shangazi akamrudia dagaa wake, lakini hakumkata. "Baba yako, Mungu amrehemu, alimbishia mwenye karatasi mara moja tu katika maisha yake. Ilikuwa juu ya tarehe yake ya kuzaliwa. Alikuwa na haki, yule bwana aliandika kwa kukosea. Faili letu likalala miaka sita. Wewe ulizaliwa ndani ya miaka hiyo. Tangu hapo mwenye ubao akija, mimi ni ndiyo na ahsante. Akiniuliza kama mimi ni mbuzi, nitamwuliza anataka wa rangi gani."

Mama Faida hakucheka.

"Kwa hiyo uliniogopa," alisema Apendeki. "Mimi."

"Nilikuogopa."

Shangazi aliinua macho. "Kwani hukuona?"

Aliona. Hilo ndilo alilokuwa akilizunguka tangu Alhamisi. Fomu ilikuwa na kisanduku chini kabisa, raia amejibu kwa hiari na bila hofu, na siku ile aliiona mikono ya shangazi ikitetemeka juu ya magoti, akamwona amekaa ukingoni mwa kiti katika nyumba yake mwenyewe. Akatia alama kwenye kisanduku. Alikuwa na milango mingine kumi na saba siku hiyo. Na kwa wote mia tatu na kumi na wawili aliona, kwa sababu alikuwa mmoja wao na alijua pa kuangalia.

"Hicho kivuli changu," shangazi aliuliza, "kinasemaje juu ya nyumba?"

"Kinasema ivunjwe. Kinasema tunashukuru sana, Mungu awabariki."

Shangazi aliinuka, akaenda kwenye sinki, akatema mate, akafungulia maji.

Ndipo Apendeki akawaeleza habari ya kukata vivuli, na Ijumaa, na maswali manne. Lile la nne alilieleza mara mbili, kwa sababu Mama Faida alitaka kuwa na hakika.

"Kwa hiyo tukienda," alisema Mama Faida, "wewe unafungwa."

"Huenda. Kazi itakwenda, hilo ni hakika."

"Basi haiendwi," shangazi alisema bila kugeuka. "Nyumba ni matofali. Nimeacha nyumba tatu, naijua kazi hiyo. Mtoto wa kaka yangu siwezi kumpeleka kwa askari kwa mdomo wangu."

"Shangazi, si nyumba yako peke yako."

"Nimesema. Kula ugali wako."

Lakini maji ya ugali yalikuwa na kifungo ndani, ikabidi yamwagwe, na kila mtu akala sombe tupu. Alipoondoka, Apendeki aliacha kikaratasi chenye anwani na saa chini ya ile kofia iliyoungua. Tangu hapo sheria haikumruhusu kuwaambia neno jingine. Mlezi akimshawishi raia kukata, ukataji ni batili.

*

Ijumaa asubuhi chumba cha kukatia vivuli kilifunguliwa saa mbili, kama sheria inavyotaka, na kilinuka rangi na zulia ambalo halijakanyagwa. Kilikuwa na meza moja, viti viwili, na taa ndogo ya kijani ukutani iliyomaanisha kwamba kivuli kingali hai. Craig alikaa pembeni kama shahidi wa kampuni, kifaa cha kutafsiri sikioni. Hakuleta kuku, ila vidole vyake bado vilikuwa na harufu yake.

Saa tatu kasoro mlango ulifunguliwa. Shangazi Mauwa aliingia na kitenge chake cha Jumapili. Hakumsalimia Apendeki. Aliitazama kadi shingoni mwake, akautazama ubao, akakaa ukingoni mwa kiti.

Apendeki aliruhusiwa kusoma maswali tu, kwa sauti moja, bila kutikisa kichwa.

"Je, wewe ni Mauwa Asukulu, mkazi wa Kilbourne, nyumba namba 4C?"

"Ndiyo."

"Je, umekuja kwa hiari yako?"

"Ndiyo, ahsante."

"Je, unaelewa kwamba ukikata kivuli utalazimika kuja kupiga kura wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Tunashukuru."

Sauti ilikuwa imepanda na kulainika. Mikono ilikuwa juu ya magoti, ikitetemeka. Craig aliegemea kiti chake, akafumba macho kama mtu anayesikiliza mvua akiwa ndani. Apendeki alilitazama swali la nne, na kwa mara ya kwanza hakujua anataka jibu gani. Alikuwa na gari ambalo hajamaliza kulilipia na miaka thelathini na tatu tu. Kama shangazi angesema hapana, yangekwisha, na asingelaumiwa na mtu. Hilo aliliona ndani yake waziwazi, akalichukia, na bado lilikuwepo.

"Je," alisoma, "mlezi wako alithibitisha kivuli hiki kimakosa?"

Shangazi aliitazama ile taa ya kijani.

"Hapana," alisema.

Craig alifumbua macho, akaanza kuinuka.

"Hapana, hakukosea," shangazi aliendelea, na sauti ilikuwa imeshuka, ni ile ya jikoni. "Anayekosea ni asiyejua. Huyu nimemlea mimi. Aliniona nimekaa hivi, mikono inafanya hivi, akaandika kwamba siogopi. Alijua." Akasogea nyuma mpaka mgongo wake ukaegemea kiti. "Nilikuwa naogopa. Nilimwogopa yeye. Na hata sasa naogopa, lakini ile sauti siitaki initangulie popote. Andika hivyo."

Katika maisha yake yote Mauwa Asukulu hakuwahi kumwamuru mtu mwenye karatasi.

"Andika, Apendeki," alisema tena. "Usipunguze."

"Hiyo si makosa tena, ni jinai, na kivuli kinakatwa vilevile," Craig alisema kwa sauti ndogo, kwa Kiingereza chake cha haraka. "Unaelewa? Akisema ulikosea, unapoteza kadi. Akisema ulijua, unakwenda gerezani. Mwambie achague neno jingine."

"Siruhusiwi kumshawishi," alisema Apendeki.

Akaandika. Aliandika yote, na ukingo wa kiti na mikono, na neno alijua, akatia sahihi chini, ileile ya mwezi wa pili. Taa ya kijani ukutani ikazimika bila mlio wowote.

Shangazi aliinuka. Mlangoni alisimama, akarudi hatua mbili, akamwekea kiganja kichwani, pale utosini, jinsi alivyokuwa akimpima homa.

"Sombe yako iko kwa mlinzi, kwenye bakuli la kijani," alisema. "Ule kabla haijapoa."

Alipotoka aliuacha mlango wazi, na Apendeki akaona ukumbi. Mama Faida alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani. Kando yake wazee wa ghorofa ya pili, na mafundi wawili wa ghorofa ya tano, na waliokosa pa kukaa wamesimama ukutani mpaka kwenye ngazi, wote na nguo za Jumapili, wote wameketi au kusimama kama watu wa foleni ya mgao. Hakuwahesabu. Kila mmoja wao alikuwa ameogopa mbele yake, na kila mmoja angeulizwa kama mlezi aliliona hilo.

Akachomoa fomu mpya, akaibana kwenye ubao, akaandika tarehe. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, naye akauacha utetemeke.

"Anayefuata," alisema.